Paa la kaboni la BMW M3: nivalishe stika au nipige rangi?

Raskazone_V8

Habari za jioni wakuu. Gari ni BMW M3 E92, paa ni lile la kaboni lenye nyuzi zinazoonekana. Linalala nje, Raskazone, bahari iko karibu. Klia, ile rangi angavu ya juu, imepauka kuanzia juu ya kioo cha mbele, kuna doa jeupe la ukubwa wa kiganja, na upande wa dereva imeanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Nina mawazo mawili: stika nyeusi ya kung'aa (plastiki ya kubandika paa zima), au rangi nyeusi moja kwa moja. Kipi kitahimili jua na chumvi ya Tanga? Na nikija kubadili mawazo, kaboni itaonekana tena?

FundiRangi_Ngamiani

Mkuu, nyuzi za kaboni zenyewe jua haliziwezi. Linachokula ni epoksi iliyozishika hizo nyuzi, na kinga pekee ya epoksi ni klia iliyo juu yake. Klia ikifa, epoksi inageuka njano, kisha inakuwa unga. Kwa hiyo anza kupima uharibifu umefika wapi.

Lowanisha lile doa jeupe kwa maji. Weupe ukipotea likiwa bichi na kurudi likikauka, uharibifu uko juu juu, paa linaokoka. Likibaki jeupe au njano hata likiwa na maji, epoksi ya ndani imeguswa. Halafu bandika tepu pana yenye gundi kali kwenye sehemu inayoonekana nzima, ikandamize kwa kidole gumba, ivute kwa kasi. Ikitoka na vipande vya klia, sahau stika. Stika inashika kile kilicho chini yake, na kama hicho kimeachia, vyote vinaondoka pamoja.

Kwa ulivyoeleza, mimi nisingefanya lolote kati ya hayo mawili. Piga klia upya. Kaboni inabaki inaonekana na swali lako la mwisho linakufa hapo hapo.

Ondoa klia yote iliyoachia kwa msasa namba 320 uliofungwa kwenye kibao, kisha 400, malizia na 600 kwa maji. Angalia maji yanayotiririka: yakiwa meupe kama maziwa, unakata klia. Yakianza kuwa ya kijivu au meusi, simama papo hapo, umeshafika kwenye nyuzi. Nyuzi zikikatwa hazirudi, na klia haitaficha alama hiyo. Hatari zaidi ni kwenye kingo na mikunjo, huko punguza mkono. Usitumie dawa ya kubandulia rangi hata kidogo, inalainisha epoksi kama inavyolainisha rangi.

Vitundu vidogo vijazwe kwa epoksi angavu, sio puti. Futa paa kwa dawa ya kuondoa mafuta ukitumia vitambaa viwili, kimoja kibichi na kingine kikavu; mabaki ya silikoni ya polishi ndiyo yanayofanya klia ifunguke vijicho, yaani vishimo vya duara.

Klia iwe ya hadena (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), ile nzito, yenye kinga ya jua. Nyingi zinachanganywa mbili kwa moja, lakini fuata kopo lako. Nusu lita ya klia na robo ya hadena inatosha mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kwa paa hilo. Kwa joto letu chukua hadena ya polepole. Ya haraka inakauka juu kabla thina ya ndani haijatoka, inaacha malengelenge. Acha dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Ikishakauka vizuri, isugue kwa 800 na urudie mikono mingine miwili. Unene ndio utakaokulinda na jua.

Na fundi avae maski ya gesi yenye vichujio. Hadena hizi zina aisosaneti, zinaharibu mapafu, na kitambaa cha puani hakizuii kitu.

DadaStika_Chumbageni

Nakubaliana na kaka hapo juu kwa paa lililobanduka. Ila wasomaji wengine wasielewe kwamba stika haifai. Kwa klia nzima ambayo haijapauka, stika ni kivuli kizuri, na inatoka ukichoka nayo. Sharti ununue ya aina ya kumimina (cast), sio ya kukamuliwa (calendered), maana hiyo ya pili inajikunja kwenye kingo joto likipanda. Roli lina upana wa mita 1.52, kata mita 2 ili ubaki na pa kushika.

Ukimaliza kuivuta, pasha kingo zote hadi nyuzi joto 90 hivi, pima kwa kipimajoto cha mwanga. Hatua hiyo ndiyo inayosahaulika, na ndiyo sababu stika nyingi zinaanza kuinuka juu ya kioo cha mbele. Usisimamishe hewa moto sehemu moja. Na kisu kisiguse paa: tumia tepu ya uzi wa kukatia, ile inayobandikwa chini ya stika kisha uzi wake unavutwa kuikata. Mkwaruzo mmoja kwenye klia ni mlango wa unyevu wa chumvi.

Stika ya paa inachoka mapema kuliko ya mlango, kwa sababu jua la saa sita linapiga bapa. Ikianza kupasuka itoe haraka. Ikiachwa, inatoka vipande vipande na gundi inabaki.

Raskazone_V8

Asanteni sana. Nimepima: weupe unapotea kwa maji, tepu imetoka na klia. Rangi nyeusi basi tuitupe?

FundiRangi_Ngamiani

Ibaki kwa paa ambalo nyuzi zimeshakatwa au epoksi imekuwa njano ndani. Hapo utapiga praima ya epoksi (rangi ya msingi), utaiacha itulie siku kadhaa kabla ya kuisugua, ndipo rangi na klia. Ukiharakisha, mistari ya nyuzi inachomoza kwenye rangi baada ya wiki chache za jua, na nyeusi ndiyo inayoionyesha zaidi.

Kwa lako, piga klia asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo haujaanza kuleta vumbi. Toa maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kila mkono na weka kichujio cha maji karibu na bunduki. Hewa ya huku ina unyevu mwingi, na tone moja tu likipita linaacha shimo katikati ya paa. Ule mpira wa kwenye mfereji wa paa uutoe, usiuzungushie tepu. Klia ikiishia kwenye ukingo wa mpira, ndipo itakapoanza kubanduka tena.