Jackson, Montgomery, Nashville au New Orleans: wapi uwanja unajaa kweli kwenye mpira wa vyuo vya Weusi?

MtangaATL

Wanabodi, salaam. Vuli hii mdogo wangu anakuja kutoka Minneapolis na wanawe wawili, nasi huku Atlanta tuko watano. Tumekubaliana twende tukaone mechi ya chuo kimojawapo cha kihistoria cha Weusi, hivi wanavyoviita HBCU. Nausema mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu. Gari moja, wikiendi moja, mechi moja tu. Ndiyo maana nauliza kwanza.

Nimeandika ukubwa wa viwanja kwenye karatasi. Jackson State wanachezea Mississippi Veterans Memorial, viti takribani 60,000, sawa na Mkapa pale Dar. Tennessee State wanautumia uwanja wa Titans, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, Nashville, viti karibu 69,000. Alabama State wana wao ndani ya chuo, Montgomery, viti 26,500. Southern wana Mumford kule Baton Rouge, viti 28,500, ila mechi yao na Grambling, ile Bayou Classic, wanaipeleka Superdome ya New Orleans. Grambling kwao ni viti 19,600.

Lakini viti si watu. Mwaka juzi nilikwenda mechi moja kwenye uwanja mkubwa wa kukodi, sitautaja. Ghorofa ya juu yote ilifungwa kwa kamba, na sisi wa chini tulitawanyika kama punje za mchele zilizomwagika sakafuni. Bendi ilipiga vizuri sana, ila sauti ilipanda ikapotelea huko juu kwenye viti vitupu. Mwanangu akaniuliza, "Baba, watu wako wapi?" Iliniuma, kwa sababu najua watu wapo, na sitaki picha ile ibaki kichwani mwake. Safari hii nataka awaone.

Bi Zulekha wa Jackson

Karibu Jackson, mdogo wangu. Mimi kazi yangu iko hospitali iliyo karibu na uwanja, kwa hiyo Jumamosi ya mechi naijua bila kutazama kalenda. Nikitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi nakuta moshi wa mbavu umeshatanda kwenye maegesho, wazee wamekalia viti vyao vya kukunja, na mechi bado ni alasiri.

Msimu wa 2021, Deion Sanders akiwa kocha, wastani wa watu ulipita 42,000 kwa kila mechi ya nyumbani. Katika daraja zima la FCS, lile la pili kwa ukubwa katika mpira wa vyuo, hakuna chuo kilichofikia hapo, kiwe cha Weusi au cha wengine. Oktoba 2022 walipokuja Southern, tulipita 50,000. Lakini sikufichi: uwanja huu ukiingiza watu 20,000, ambao Grambling hata wasingewatosha kwao, kwa macho utasema hamna mtu. Hiyo ndiyo adha ya nyumba kubwa. Kwa hiyo chagua siku. Njoo siku ya wahitimu kurudi chuoni, au mwaka ambao Southern ndio wanaokuja kwetu.

Jingine la kuwaambia watoto mkiwa mmeketi pale. Septemba 1962 gavana Ross Barnett alisimama kwenye uwanja huu huu, wakati wa mapumziko ya mechi ya Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, akauhutubia umati uliojaa bendera za Kusini, zile za majimbo yaliyopigania utumwa, kuhusu kupenda Mississippi na desturi zake. Desturi aliyokuwa anaitetea ni kumzuia James Meredith, kijana Mweusi, asiingie chuo kile. Kesho yake usiku ghasia zikalipuka Oxford, mji wa chuo hicho, watu wawili wakauawa. Na kabla ya hapo Meredith alikuwa anasoma wapi? Jackson State. Leo pale pale ni nyumbani kwa Jackson State. Kila bendi ya Sonic Boom inapoingia uwanjani mimi huikumbuka habari hiyo, na sijawahi kuizoea.

Nyundo_Nashville

Mkuu Mtanga, nahisi uwanja usioutaja ni wetu, nami sitabisha. Tennessee State kuchezea kwenye uwanja wa timu ya NFL kuna heshima yake. Mchezaji anayetafutwa na vyuo kumi anapelekwa kuoneshwa chumba cha kubadilishia nguo, macho yanamtoka. Kocha wetu wa 2021 hadi 2024 alikuwa Eddie George, aliyekuwa nyota wa Titans hapo hapo. Ila wakija watu 12,000 au 15,000, ambao kwa chuo ni umati, uwanja ule unawameza.

Nyumba yetu ya asili ni Hale Stadium, tangu 1953, viti 10,000, na wenyeji wanauita Shimo. Uko bondeni kweli; ukisimama barabarani unaona vichwa vya watu wa juu tu, halafu ngoma zinakupiga kifuani kabla hujaona aliyezipiga. Mechi ikipangwa Shimoni, usifikirie mara mbili. Ikipangwa mjini, nenda siku ya wahitimu au ile mechi ya kila mwaka, John Merritt Classic, mwanzoni mwa msimu, vinginevyo acha. Sasa wanajenga uwanja mpya wenye paa jirani na ule wa zamani, viti takribani 60,000. Kwetu bado ni mkubwa mno.

Bendi yetu lakini, Aristocrat of Bands, ilichukua Grammy mwaka 2023. Kwa hilo sina mjadala na mtu.

Mwalimu Kandoro

Naona mnalinganisha viti. Naomba tuangalie pia viti hivyo vilitoka wapi, kwa sababu bila hilo mtoto atadhani vyuo hivi havina watu.

Mechi ya kwanza ya vyuo vya Weusi ilichezwa Desemba 1892, Biddle dhidi ya Livingstone, Salisbury, North Carolina. Theluji ilikuwa inaanguka na hapakuwa na jukwaa lolote. Miongo iliyofuata, majimbo ya Kusini yaliwajengea vyuo vya Wazungu viwanja vya makumi ya maelfu ya viti, na vyuo vya Weusi vikaachiwa makombo. Na si habari ya zamani tu. Mwaka 2023 serikali ya shirikisho iliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya Weusi vya kilimo na ufundi vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka kama thelathini. Kwa Tennessee State peke yake ni dola bilioni 2.1. Nyundo anasema wanapanga kwenye uwanja wa watu. Na mimi nauliza, kwa pesa ile wangejenga Shimo la ukubwa gani?

Watu walikuwepo siku zote. Kiwanja ndicho kilikuwa kidogo, wakawa wanakodi cha mjini. Mwaka 1968 Grambling ya kocha Eddie Robinson na Morgan State walikwenda Yankee Stadium, New York, na wakapita watu 60,000. Mwaka 1984 Alcorn State na Mississippi Valley, vyuo viwili vya vijijini kabisa, Lorman na Itta Bena, walikutana bila kufungwa hata mechi moja. Valley walikuwa na Jerry Rice, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa NFL. Ikabidi mechi ihamishiwe Jackson, kwenye uwanja huo wa Bi Zulekha, na watu wakapita 60,000 tena. Fikiria, umati ule ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko wakazi wote wa miji yao miwili.

Dada Riziki

Mwalimu, shikamoo. Umenitoa machozi, lakini naomba nimjibu kaka Mtanga kwa upande wa Alabama, maana sisi ndio majirani zake.

Alabama State walikuwa wanachezea Cramton Bowl, uwanja wa mji. Siku ya Thanksgiving 2012, ile sikukuu ya Shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, wakafungua wa kwao, wakicheza na Tuskegee. Tofauti niliiona kwa shangazi wa mume wangu, aliyehitimu pale zamani. Enzi za Cramton alikuwa anakwenda, anatazama, anarudi. Tangu 2012 anaingia kampasi tangu asubuhi, anapita bweni alilokaa, anagusa ukuta, anakutana na wenzake wa darasa moja, ndipo anatembea kwa miguu hadi kwenye kiti chake. Safu ile ile, kila mwaka. Aliyekuwa anakaa kulia kwake alifariki. Kiti kile sasa anakaa mjukuu wa marehemu. Uwanja wa kukodi hauwezi kukupa hilo hata uwe na viti laki moja.

Pesa nayo. Mechi ikiwa kwako, maegesho ni yako na vyakula ni vyako. Ukikodi, mwenye nyumba anakata chake kwanza.

Ila kwa unachotaka wewe, kuona watu, usiende Montgomery. Nenda Birmingham Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, Magic City Classic, Alabama State na Alabama A&M pale Legion Field. Kutoka Atlanta ni saa mbili na kitu. Ndani wanapita 60,000, na nje, naapa, kuna mji mwingine mzima. Kuna familia zinapiga hema tangu katikati ya wiki na haziingii uwanjani kabisa. Wanapika, wanacheza karata, wanasikiliza mechi redioni wakiwa hatua chache tu kutoka langoni. Hao hakuna takwimu inayowahesabu.

KipepeoHouston

Dada Riziki kaniwahi, lakini New Orleans lazima isemewe. Bayou Classic ilianza 1974 kwenye uwanja wa Tulane kwa watu zaidi ya 76,000, mwaka uliofuata ikahamia Superdome. Ni Jumamosi baada ya Thanksgiving, na Ijumaa usiku kuna pambano la bendi pekee, Human Jukebox wa Southern na World Famed wa Grambling. Babu yangu alikuwa akitusimulia beni za Marini na Arinoti, jinsi mitaa miwili ilivyoshindana kwa matarumbeta na mavazi mpaka watu wakahama upande. Sikumwelewa mpaka usiku ule niliposimama Superdome.

Mwaka 2005, baada ya kimbunga Katrina kuipiga New Orleans, mechi ililetwa kwetu Houston. Nilikuwepo. Kulikuwa na watu waliopoteza nyumba zao miezi mitatu nyuma, wamevaa rangi za vyuo vyao, wanakumbatiana kwenye ngazi wakiulizana nani yuko hai na nani yuko wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia mechi za uwanja wa kukodi hazina roho, namwelewa, lakini sikubaliani naye. Nyumbani panaweza kuwa popote pale wenzako walipokusanyika.

Ubaya wake ni gharama. Kutoka Atlanta ni mwendo wa saa saba, na hoteli wikiendi hiyo zinapanda hasa. Kwa watu wanane, pima.

Nyundo_Nashville

Kipepeo, sikatai mechi kubwa za kukodi. Nalia na mechi za kawaida za Septemba kwenye uwanja wa viti 69,000. Norfolk State wamejijengea wao wa viti 30,000, Prairie View walifungua wao wa 15,000 mwaka 2016, na wanaweza kuujaza. Kadiria nyumba kwa watu ulionao Jumamosi ya kawaida, halafu siku ya sherehe ndiyo ukodishe ukumbi. Sisi tumefanya kinyume.

Bi Zulekha wa Jackson

Hapo Nyundo umesema. Huku Jackson kwa miaka mingi kuna mazungumzo ya kujenga uwanja ndani ya kampasi. Mimi ningependa wa 30,000 hivi, ujae kila wiki. Mume wangu hataki kabisa kusikia. Anasema siku Southern wanapokuja tutawaweka wapi? Tumebishana juu ya hili mpaka chai ikapoa.

MtangaATL

Nawashukuru wote, Mwalimu hasa. Nimemsomea mwanangu ile habari ya Alcorn na Valley akataka tufungue ramani tutafute Itta Bena. Tulipoipata akakaa kimya kidogo, akasema, "Hapo? Halafu wakajaza ule wa Jackson?"

Uamuzi wetu ni Birmingham, kwa ajili ya umati na kwa sababu ni karibu. Mwakani, Mungu akipenda, Jackson siku ya wahitimu. Bi Zulekha, tutabisha hodi. Nyundo, siku mechi ikipangwa Shimoni nitaarifu hata kama ni usiku, naendesha peke yangu.

Dada Riziki, tufike saa ngapi?

Dada Riziki

Saa moja asubuhi muwe mmeshaegesha, kaka. Gwaride la asubuhi mjini msilikose, watoto watalipenda kuliko mechi. Viti vya kukunja nane, maji mengi, na mkoba wa plastiki unaoonyesha ndani, mwingine langoni hawaupokei. Wakati wa mapumziko mtu asiende chooni wala kununua chakula. Nendeni robo ya pili ikiwa bado inachezwa, kwa sababu bendi zikiingia hamna anayenyanyuka. Na mechi ikiisha msikimbilie gari, bendi hubaki zikijibizana na watu hawatoki.

Sisi tutakuwa nje upande wa mashariki, hema jeusi lenye bendera ya rangi ya dhahabu. Shangazi atakuwepo. Nimeshamwambia kuna mtoto anataka kuona watu, amesema atampikia.