Kakangu ana skizofrenia, sauti zimeisha lakini hafanyi chochote. Ni uvivu?

BintiKisauni:
Salaam aleikum jamani. Kakangu alitoka wodini mwaka jana, dawa anameza na sauti hasikii tena alhamdulillahi, lakini sasa amekaa tu, mpaka adhuhuri yuko kitandani, kuoga mpaka asukumwe. Fundi wa mtaani alimpa kazi ya kuchomelea geti, kazi anayoijua tangu zamani, mia nane kwa siku, akasema "sawa" na hakwenda. Baba asema ni uvivu. La ajabu, ukimwekea mahamri na mbaazi anakula na kucheka na sisi vizuri kabisa! Mtu anaefurahia hivo mbona hatafuti kitu mwenyewe?

mzee_wa_baraza:
Mpelekeni akasomewe. Hizo dawa ndo zamlemaza.

Nesi_Likoni:
Mzee wangu, kusomewa asomewe lakini dawa asiachishwe, tafadhali. Dozi ikiwa kubwa kweli mtu huwa mzito, hilo aulizwe daktari. Ila hii ya kukosa ari si dawa zilizoileta, Kraepelin, daktari wa akili wa Ujerumani, aliiandika kabla ya dawa hizi, ambazo zimeanza miaka ya 1950. Zinazuia dopamini, ile kemikali ya ubongo, zatuliza sauti na dhana potofu, ari haziigusi sana. Na hayo ya mahamri dada umeyaona vizuri, kuna watafiti Marekani kina Deanna Barch na James Gold wamelishughulikia sana hili: raha ikiwa mbele yake anaipata karibu kama mimi na wewe, kinacholegea ni kule kuiwazia kabla haijaja na kupima kama yafaa ajisumbue. Watu hupewa mchezo wa kubofya, uchague rahisi kwa pesa kidogo au ngumu kwa pesa nyingi. Dau likipanda wengi wetu twahamia ngumu, wenye skizofrenia wengi hawahami sana. Kwa hiyo mia nane hata ikiwa elfu huenda isimwamshe.

kijana_Changamwe:
Mimi ninayo hii kitu. Najua kazi ni nzuri na pesa nazihitaji, lakini huko kujua hakushuki miguuni. Binamu yangu alikuwa anakuja na tuktuk, haniulizi "utaenda?", aniambia tu "panda, tukanywe chai Mwembe Tayari", tukifika namshikia mzigo kidogo, chai nakunywa hapo hapo. Ukiniuliza nichague nitachagua kitanda, wallahi. Na kelele nyumbani punguzeni, mimi nikipigiwa kelele sana sauti hurudi.

BintiKisauni:
Kumbe! So nimwombe fundi amchukue masaa mawili tu, na mimi nimfikishe mpaka pale?

kijana_Changamwe:
Eeh, na fundi amlipe mkononi akimaliza, asimwambie Jumamosi. Baba naye apite pale siku moja amuone akichomelea.

Nesi_Likoni:
Na miwani ya kuchomelea avae, nawajua nyinyi.