Wakuu naombeni ushauri: faiba au ruta ya laini?

Mpangaji_Goba: Habari za jioni wakuu. Nipo Goba, nimepanga. Nataka intaneti ya nyumbani, nimechoka na bando za simu. Nichukue faiba au ruta ya 4G? Naombeni majibu mapema, kesho jioni natakiwa niwe nimeamua. Hata usingizi sipati.

FundiWaya: Faiba, kama nguzo yao ipo karibu. Mwanga unapita kwenye uzi wa kioo mpaka ukutani kwako, hugombanii mnara na mtaa mzima. Ruta ya laini ni sawa na simu yako, jioni watu wakirudi makwao wote wananing'inia mnara uleule. Mtatumia wangapi?

Mama_Wanne: Mwanangu, mimi tangu tuweke waifai watoto wameacha vitabu. Sasa baba yao anazima ruta saa tatu usiku. Panga masharti kwanza, intaneti baadaye.

Mpangaji_Goba: Asante mama. @FundiWaya matumizi ya kawaida tu mkuu.

FundiWaya: Wangapi? Taja idadi.

Babu_Chumbageni: Msimdanganye kijana kwamba faiba haizimi. Mei 12, 2024, Jumapili, ruta yangu taa zote kijani na hakuna kilichofunguka. Kumbe mikonga miwili, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, imekatika baharini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Binti yangu yuko Muscat, siku ile sikumpata kabisa. Na sisi tuliotumia intaneti ya setilaiti kabla ya mkonga kufika 2009 tunajua tumetoka wapi.

Mpangaji_Goba: Sawa, niseme. Tupo vyumba tisa. Nimeshachangisha 15,000 kwa wenzangu wanane, na 70,000 nimeitanguliza kwa ruta ya 4G. Faiba wanataka ridhaa ya mwenye nyumba ili watoboe ukuta, na yeye hajui lolote. Ruta ya laini haitobolewi ukuta. Halafu kifurushi ni Mbps 20 bila kikomo. Simu yangu ikipakua inaonyesha 2 na mambo yanakwenda, 20 itashindwaje?

FundiWaya: Hapo ndipo unapopotea. Hiyo 2 ya simu ni megabaiti, Mbps ni megabiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, basi. Video ya HD inakula kama Mbps 5. Wanne wakifungua mpira, wa tano anaangalia kiduara kikizunguka. Na "bila kikomo" usome masharti, vifurushi vingi ukivuka kiwango fulani spidi inashushwa mpaka mwezi uishe. Bado sijagusa kuta. Masafa ya waifai ya GHz 5 yana kasi lakini matofali yanayameza, ya 2.4 ndiyo yanafika mbali.

Mpangaji_Goba: Lakini watu wameshanipa hela mkuu. Nitawaambia nini?

Wakala_Mstaafu: Ukichangisha ili mgawane bili ni sawa. Ukianza kuweka faida, hiyo ni kuuza huduma, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanataka leseni.

Jicho_Pevu: Mnapoteza muda. Wiki tatu nyuma huyuhuyu aliuliza intaneti ya hosteli Mwanza. Leo yuko Goba na vyumba tisa? Hili ni tangazo, kesho atakuja mtu na namba ya kuuza ruta.

Mama_Wanne: Jamani! Na mimi nimemwita mwanangu.

Mpangaji_Goba: Ya Mwanza nilimuulizia mdogo wangu, yupo chuo. Sijataja kampuni hata moja, someni tena kuanzia juu. Nina hela za watu wanane mfukoni, mmoja ni mama anayeuza vitumbua. Siwezi kutunga hilo.

FundiWaya: Tangazo au si tangazo, jibu ni moja. Chukua laini ya mtandao uleule, tia kwenye simu, kaa dirishani saa tatu usiku, pima spidi. Rudia asubuhi. Ndipo ulipe iliyobaki.

Mpangaji_Goba: Nimepima. Jana saa tatu usiku Mbps 4. Leo saa kumi na mbili asubuhi 27. Mwenye ruta amekubali kunirudishia 50,000. Mwenye nyumba anatoka safari Ijumaa, mama wa vitumbua amesema tutakwenda naye kuomba.

Jicho_Pevu: Weka picha ya hayo majibu ya usiku.

Mpangaji_Goba: Naiweka sasa hivi, bando langu likikubali.