Naomba ushauri: picha niliyompiga mama wa Mwaloni 2020

Habari zenu wakubwa. Mimi ni Mkenya, mpiga picha, naishi Mwanza. Korona ilipoingia Machi 2020 harusi zote zikaahirishwa, mwezi wa tano Kenya wakafunga mpaka na Tanzania nikashindwa hata kwenda kumuona mama yangu, basi kila asubuhi nashuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, na kamera kusogeza siku tu.

Kuna mama muuza dagaa nilimpiga ananawa kwenye ndoo ya maji tiririka, barakoa ya kitenge kaishusha kidevuni, magamba yanametameta mkononi, anacheka kabisa. Hakujua nampiga. Juzi ndo nimempelekea nakala, naambiwa alishafariki, binti yake ndo anashika kile kizimba. Nikakosa la kusema, nikaondoka na bahasha yangu.

Sasa jamani, nimpe binti au nitamtonesha kidonda? Niende mwenyewe au nitangulize mtu mzima wa pale anayewajua? Kwetu ningejua pa kuanzia ila mila za Wasukuma sijazishika vizuri. Picha siiuzi wala siiweki popote, nataka tu ifike nyumbani kwao.