Naomba ushauri: Sum mbili ndani ya annotate moja ya Django zinaleta jumla isiyo sahihi

Habari zenu wakuu. Natengeneza mfumo wa saccos kwa Django (fremu ya Python ya kutengenezea mifumo ya wavuti), data ziko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Ripoti inatakiwa ionyeshe kila mwanachama, jumla ya akiba zake na jumla ya mikopo yake. Akiba peke yake inakuja sawa. Nikiongeza Sum (jumla) ya mikopo kwenye annotate ileile (amri ya Django inayoongeza hesabu kwa kila mwanachama), hesabu zinavimba.

Mfano: mwanachama ameweka 10,000, 20,000 na 20,000, na ana mikopo miwili. Akiba inatakiwa isome 50,000, inasoma 100,000. Nimechungulia SQL yenyewe, sababu inaonekana: majedwali yote matatu yanaunganishwa kwa JOIN, kwa hiyo kila akiba inajirudia kwa kila mkopo, mistari 3 inakuwa 6. Kuweka distinct=True (thamani inayojirudia ichukuliwe mara moja tu) kunasaidia kwenye Count (idadi), ila kwenye Sum ni hatari zaidi, maana inatupa 20,000 moja na kuleta 30,000. Hizi ni pesa za watu, haifai kabisa.

Naelemea Subquery na OuterRef (hoja ndogo inayopiga kila jumla kando kwa kila mwanachama, bila JOIN) kwa kila jumla, kwa sababu bado nitaweza kuchuja na kupanga wanachama kwa jumla hizo. Hofu yangu ni kasi wanachama wakifika maelfu. Waliopita njia hii, je, indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) ambayo Django inaiweka yenyewe kwenye ForeignKey (safu inayounganisha akiba au mkopo na mwanachama) inatosha? Au ni bora jumla zihifadhiwe kwenye jedwali la mwanachama na kusasishwa kila muamala unapoingia?

Natanguliza shukrani.