Natafuta hadithi ya kutisha: waliomba hela, usiku mlango ukagongwa

Kofia ya Kiua (mleta mada):
Habari za jioni wanajamvi. Niko Tanga, Ngamiani. Nitajieni vitabu vya kutisha, vile vya kumfanya mtu mzima aogope kwenda choo cha uani. Ila kuna hadithi moja naitafuta hasa. Nilikuwa darasa la 6, mwalimu akitusomea Kiingereza huku anatafsiri. Mzee na mkewe wanaletewa kitu, wanaomba hela, hela inakuja. Halafu usiku mlango unagongwa. Hapo kengele ikalia tukaenda nyumbani. Jumatatu mwalimu akaja na hesabu. Nani anaijua, na iliishaje? Nahitaji kabla ya Jumamosi.

Waja Leo:
Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, 1960. Nilikisoma kwa chemli. Funga uzi.

Mama Nahla:
Waja Leo bwana, hicho cha upelelezi. Bwana Msa anavuta kiko chake anatafuta muuaji, mzimu uko kwenye jina. Anayetaka kutishwa asome Dracula ya Bram Stoker, 1897. Barua na shajara tupu, kila mtu anaandika alichokiona yeye tu, wewe msomaji unajua jambo zima na huna wa kumwambia. Niliisoma nina mimba ya Nahla, baba yake kasafiri. Popo wa mwembeni akaingia chumbani. Nilihamia kwa mama mkwe wiki mbili. Yule naye ni kitabu kingine.

Mpemba Halisi:
Vitabu! Mngekuwapo Pemba 1995, mwaka wa Popobawa, yule shetani anayevamia watu usiku. Watu walilala nje kwa makundi, moto umewashwa, wanaume wazima na ndevu zao. Mjomba wangu mpaka leo hazimi taa.

Barabara ya 9:
Mleta mada, hadithi gani ina siku ya mwisho kama marejesho? Jumamosi kuna nini?

Kofia ya Kiua:
Mambo yangu tu mkuu.

Barabara ya 9:
Mficha uchi hazai. Sema.

Kofia ya Kiua:
Haya. Nina deni la kausha damu, 2,400,000. Kuna mzee mmoja nimeelekezwa, nimeshampa 150,000 ya kutangulia. Jumamosi tunakwenda Amboni, kule pangoni watu wanakopeleka ubani na marashi. Nitataja shida yangu. Kaniambia hela itakuja, ila nisiulize imepita njia gani. Neno hilo ndilo lililonikumbusha mwalimu wangu. Msinihukumu, babu zetu walitambika na mambo yao yakaenda. Halafu ile 150,000 hairudi, kwa hiyo kwenda nitakwenda. Nauliza hadithi tu.

Ustaadh Mstaafu:
Mwanangu, mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa, maji yameyala kwa miaka isiyohesabika. Kilomita 8 tu kutoka mjini. Lipa kiingilio, tembezwa na mwongozaji, rudi ukale mihogo. Miaka ya 1950 Osale Otango alijificha mle akiwakimbia Waingereza, naye hakutoka na milioni 2. Deni lako anakudai binadamu, kazungumze na binadamu.

Waja Leo:
Ukizipata niazime laki, shekhe. Njia siulizi.

Mama Nahla:
Jamani nimeikumbuka! Si kitabu, ni hadithi fupi. The Monkey's Paw ya W. W. Jacobs, 1902. Mkono wa kima uliokaushwa, askari kauleta kutoka India. Una maombi matatu. Yule mzee anaomba pauni 200. Kesho yake anakuja mtu kutoka kazini kwa mtoto wao: kijana kanaswa na mashine, kafa. Kampuni inawapa kifuta machozi, pauni 200 kamili. Baadaye mama mtu analazimisha waombe mtoto arudi. Anayegonga ndiye huyo, katoka kaburini na mwili wake ulivyosagika. Mama anahangaika na komeo, baba anapapasa sakafuni kuutafuta ule mkono, anaomba la tatu. Mlango ukafunguliwa, barabara tupu. Na mwandishi hakuonyeshi kilichokuwa nje. Ndiyo maana hailali kichwani.

Kofia ya Kiua:
Kanaswa na mashine?

Kofia ya Kiua:
Mdogo wangu yuko shamba la mkonge. Analisha majani kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge.

Mpemba Halisi:
Korona ya mkonge, sio ile ya barakoa. Nafafanulia wa bara.

Fimbo ya Mbali:
CHAI. Mama Nahla katoa hadithi saa 3:10, saa 3:25 mdogo mtu kaajiriwa kwenye mashine. Uzi mzima alikuwa wapi, likizo? Kesho tutaambiwa sehemu ya 2 iko WhatsApp, buku tu.

Waja Leo:
Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Mama Nahla:
Mtunzi angeuliza mwisho wa hadithi yake mwenyewe?

Fimbo ya Mbali:
Ameuliza, umemwandikia bure, ataiuza. Mjini hapa.

Kofia ya Kiua:
Situngi. Sikumtaja kwa sababu mkopo niliuchukua kwa jina lake. Kadi yake ya benki iko kwa wale jamaa, mshahara unaishia huko. Yeye anajua nimebakiza laki 3.

Barabara ya 9:
Kumbe. Basi wa kwanza kuzungumza naye ni huyo, Jumamosi hiyohiyo.

Kofia ya Kiua:
Nikimwambia atamwambia mama. Mama ana presha.

Ustaadh Mstaafu:
Na ukimzika, presha itashuka?

Fimbo ya Mbali:
Ustaadh naye kavutiwa kwenye chai, haya.

Kofia ya Kiua:
Mzee kanitumia meseji sasa hivi, anauliza kama Jumamosi iko palepale. Kasema nije na jina la mtu wa karibu limeandikwa kwenye karatasi. Nimjibu nini?

Mama Nahla:
Mwandikie lake.

Waja Leo:
Hicho cha Bwana Msa kwenye maktaba yetu ya mkoa bado kipo au kishaibwa?