Tupeane uzoefu: daftari, kalenda na vikaratasi vinavyotupangia mambo, Unguja na Pemba

Karani wa Mjini
Assalaam alaykum jamani. Siku hizi ukiamka tu simu imeshajaa: kundi la ukoo, la wazazi wa skuli, la shehia, la kazini, la mchango wa harusi, na kila moja lina "usisahau" yake. Habari tunazo tele. Kazi ni kujua ipi inakuhusu leo.

Mie kabla sijawasha data asubuhi naandika mambo ya siku kwenye kaunta buku, nusu ukurasa tu. Ikishajaa, jipya haliingii mpaka moja litoke. Simu haina mwisho lakini ukurasa unao, na kwangu faida yote ipo hapo. Alama nilizichukua kwa Ryder Carroll, yule Mmarekani aliyeutangaza mtindo wake wa daftari mwaka 2013: nukta kwa jambo la kufanya, nukta inageuzwa mkasi likimalizika, na kishale likihamishiwa mbele. Mwezi ukiisha nayanakili upya kwa mkono yaliyobaki. Lile ninaloona uvivu kuliandika tena, nalifuta.

Haya, kila mwenye mtindo wake auseme. Unaandika nini, na daftari unaliweka wapi? Semeni mnayoyafanya kweli.

Shamba la Wete
Waalaykum salaam. Mie ni karafuu, na bila daftari msimu haupiti salama.

Kila mchumaji ana ukurasa wake. Nimefanya hivyo makusudi, maana akija kuuliza hesabu yake humfunulii ya wenziwe. Jioni zikishachambuliwa, makonyo huku na karafuu huku, tunapima kwa pishi mbele yake, naandika mbele yake: tarehe, pishi, alichopewa, anachodai. Halafu anatia saini, na asiyejua kuandika anatia dole. Mtu akiona imeandikwa yeye yupo, maneno hayawi mengi. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakikosana kwa hesabu za kichwani, na inauma.

Nyuma ya daftari, nikiligeuza chini juu, ndiko kwenye hesabu ya kavu: zimeanikwa lini, zimeanuliwa lini, zimetoka kilo ngapi. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake. Kwa hiyo kilo zikija chini sana najua pana jambo, nami nalitafuta siku ile ile. Stakabadhi ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, naibana kwa pini kwenye ukurasa huo huo. Sina faili wala kabati, daftari ndilo faili.

Duka Mlandege
Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, watu walikuwa wakilipia kuchaji simu kwenye jenereta. Namba za wauzaji wa jumla nilikuwa nimeziandika kwenye jalada la daftari la mkopo. Simu ikizima naazima ya jirani, kazi inaendelea. Mpaka leo kila namba mpya ya biashara naiandika.

Kijana wa Chukwani
Nawaheshimu wakubwa zangu, lakini karatasi haipigi kengele. Miadi ya daktari nikiiandika daftarini nani atanikumbusha?

Karani wa Mjini
Kweli mwanangu, chenye saa kiache simuni. Daftarini weka yanayotaka kufikiriwa.

Mama Mwani, Jambiani
Kwetu kengele ni mwezi, kijana wangu. Natumia kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Bamvua linaandama mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za Kiislamu maji yanakupwa mbali na sisi tunashuka shamba. Siku za maji mafu, kwenye tarehe 7 au 22 hivi, najipangia mambo ya mjini, kliniki ya wajukuu na vikao vya kikundi. Nikiitwa kikao siku ya bamvua naangalia ukutani najibu papo hapo: siji.

Mwani huchukua kama wiki 6 mpaka kuvunwa, yaani bamvua la tatu baada ya kufunga. Nikifunga kamba leo nahesabu mbele kwenye kalenda natia duara. Mwani wa aina ya spinosamu naandika S, wa kotonii naandika K, maana kotonii ina bei lakini maji yakipata joto inakufa, nami nataka kujua ilikufa mwezi gani. Kalenda za miaka iliyopita sizitupi. Nazipanga chini ya godoro, na mwali wangu akitaka kujua mwaka jana mwezi kama huu ilikuwaje, anafunua anaona.

Mwanafunzi Tunguu
Mie ni kadi. Nakata manila vipande vya kiganja, kila kadi wazo moja kwa maneno yangu, na namba juu pembeni. Kadi inayohusiana na nyingine naiandikia namba ya mwenziwe. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani, alifanya hivyo maisha yake yote ya kazi, akaacha kadi kama 90,000. Zangu zinaenea kwenye boksi la viatu, lakini insha naiandika kwa kuzitandaza sakafuni na kuzipanga. PDF sabini za kwenye simu hazitandaziki.

Swali kwa Mama Mwani: chumvi na maji haviharibu maandishi?

Mama Mwani, Jambiani
Penseli, mwanangu. Wino ukirowa unachuruzika, penseli inabaki. Kidaftari cha kushuka nacho pwani nakitia kwenye mfuko wa plastiki na penseli naifunga kwa uzi.

Shamba la Wete
Na huku shamba tatizo ni mchwa. Usiweke chini wala usiegemeze ukutani, tundika.